Kuvunja Bima ya Fundi

Kochi kuukuu halikuwa na siri mbele ya Mama Zipu. Kabla mumewe hajang'oa hata msumari mmoja, yeye alivua bangili, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, kisha akautumbukiza mkono kwenye ule upenyo ulio kati ya kikalio na mgongo, mahali ambapo makombo na aibu za nyumba nzima hukimbilia kujificha. Alitoa humo kalamu, vibanio vya nywele, funguo zilizokwisha kuwagombanisha watu, meno ya bandia ya babu wa watu, na safari moja pete ya ndoa ambayo mwenyewe alimwapia mkewe kwamba aliporwa njiani. Vyote vilitiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na mwenye kochi akija kuchukua mali yake alikabidhiwa na kopo lake. Ile pete Mama Zipu aliikabidhi mbele ya mke wa yule bwana, makusudi kabisa, wala hakujuta.

Jina la Mama Zipu alibandikwa na wateja, kwa sababu hakuwa akishona mto wa kochi bila kuutia zipu. Mafundi wengine walishona mito wakaifunga moja kwa moja, ikichafuka ndiyo basi. Yeye alisema hawezi kumuuzia mtu uchafu wa kukaa nao maisha.

Mumewe aliitwa Fundi, na yeye pia alimwita Fundi, hata nyumbani, hata baada ya binti yao kukua, kusoma na kwenda kufundisha chekechea katika mji mwingine. Walijuana siku Mama Zipu, akiwa bado msichana, alipompelekea kiti cha mama yake kilichovunjika mguu. Ilikuwa kazi ya kugusa na kuacha. Fundi alikaa nacho mwezi mzima, kila akiulizwa anasema gundi haijakauka, ili binti wa watu aendelee kuja kukiulizia. Kiti kiliporudi nyumbani kilirudi na posa.

Walifanya kazi pamoja katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Chumba cha nyuma walilala. Cherehani ya Mama Zipu ilikaa karibu na dirisha, meza ya kukatia ilikaa katikati, na pembeni kulijaa sponji mpaka darini. Fundi alivuta mikanda, akafunga springi, akatandaza kitambaa na kukigongomea, na misumari yake midogo aliibana mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Alikuwa na uwezo wa kubana misumari kumi na huku anabishana mambo ya siasa bila kudondosha hata mmoja. Wateja walikuwa wakisimama kumtazama tu.

Mama Zipu alimsihi miaka nenda rudi afunge kitambaa puani, maana vumbi litokalo kwenye kochi la zamani ni vumbi la miaka ya watu wengine, na gundi ile ikifunguliwa hata mlango wa pili walikuwa wakikohoa.

"Nikifunga kitambaa, misumari niiweke wapi?" Fundi alijibu kila mara.

"Kuna kitu kinaitwa kikombe."

"Mikono ni miwili tu, mke wangu. Mmoja una nyundo, mwingine una kitambaa. Wa kuingia kikombeni uko wapi?"

Wakacheka, kazi ikaendelea. Kwa kosa hilo dogo la mdomo ulio wazi, mapafu ya Fundi yalikuwa yakijaa kidogo kidogo, na hakuna aliyeyaona.

Bima iliingia nyumbani kwao kwa mlango wa mvua. Kijana mmoja mwenye tai ya bluu alileta viti vya ofisi kushonwa, mvua ikamkuta humo ndani, akaketi juu ya kigoda na kuanza kuzungumza. Mvua ilipokatika alikuwa amekwisha kuwauzia bima ya maisha yenye akiba. Tusimsingizie, hakuwa mwizi. Alikuwa kijana anayetafuta ugali wake, na alichosema alikiamini mwenyewe. Aliwaeleza kwamba watatoa kidogo kila mwezi, na baada ya miaka kumi na mitano watapewa donge nono, la kununua hata chumba chao wenyewe. Na kama Fundi atatangulia kabla ya muda huo, mama atalipwa kiasi chote kilichoandikwa, hata ikiwa ni kesho yake.

"Kumbe nikifa nina bei nzuri," Fundi alisema, na wote watatu wakacheka, kama watu wanavyocheka jambo lililoandikiwa majirani.

Miaka ikaenda. Kila mwezi waliitenga hela ya bima kabla ya kodi, kabla ya nyama, kabla ya viatu. Taarifa ya mwaka ilikuja na faida kiduchu, mwaka uliofuata kiduchu zaidi. Kila mwaka lilisingiziwa soko, na soko halina mdomo wa kujitetea. Bwana Tai mwenyewe aliacha kazi hiyo akaenda kuuza magari. Siku upepo ulipong'oa paa la karakana, kile chumba cha mbele, walikopa juu ya hiyo hiyo bima, wakaezeka, na akiba ikazidi kudhoofu. Hata hivyo hawakuivunja. Walikuwa wameshatoa jasho lao humo, na kila mwaka uliopita uliwafunga zaidi.

Halafu Fundi akaanza kukohoa.

Kwanza alikohoa akicheka. Kisha alikohoa akipanda ngazi za nyumba ya mteja. Kisha akawa anaketi kupumzika baada ya kugongomea upande mmoja tu wa kochi, na Mama Zipu akajifanya hamnazo, akishona polepole ili mumewe asione kwamba amechelewa. Hospitali Fundi alipigwa picha ya kifua, wakangoja, wakaitwa. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwaambia kwamba mapafu yamekakamaa na hayatarudi yalivyokuwa. Kulikuwa na vidonge vyeupe vya kumeza kila siku, vya kuzuia hali isikimbie. Na kulikuwa na mashine ya hewa ya kuweka nyumbani, yenye mrija wa puani.

"Haitamponya," daktari alisema. "Itampunguzia mateso. Atalala. Ataongea bila kukatwa na pumzi."

"Kwa muda gani?" Mama Zipu aliuliza.

"Hilo sijui, mama. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

Bei ya ile mashine ilimfanya Fundi aguse paji la uso. Nyumbani hakukuwa na kitu cha thamani hiyo isipokuwa kimoja. Bima.

Fundi hakuweza tena kulala chali. Alihamia kwenye kochi lao wenyewe, lile walilolitengeneza kwa mabaki ya kazi za watu, mto mmoja wa kijani kutoka nyumba ya hakimu, mwingine wa maua kutoka saluni, mgongo wa kahawia uliobaki kwenye viti vya mchungaji. Walilikokota hadi chumba cha nyuma. Mchana alikaa hapo na usiku alisinzia hapo hapo ameketi, ameegemeza kichwa kwenye mkono wa kochi, akivuta pumzi kana kwamba anaiiba.

Mama Zipu alienda ofisi ya bima peke yake. Alimkuta dada mmoja wa huduma kwa wateja, kijana, aliyesuka nywele vizuri, akamweleza shida yake yote bila kuuma maneno.

"Mama, nikuambie ukweli?" dada yule aliuliza baada ya kutazama kompyuta.

"Ukweli ndio nimeufuata."

"Kama akiba, haijafanya vizuri. Mkiivunja leo mtapata pungufu ya mlichoweka, na ule mkopo wa paa unakatwa humo humo."

"Nikingoja?"

"Imebaki miaka mitatu ikomae. Hapo mtapata mlichoweka na kidogo juu." Akasogeza kalamu pembeni. "Mzee anaendeleaje?"

"Si nimekueleza. Hali si nzuri."

Dada akashusha sauti. "Likitokea la kutokea kabla ya hapo, kinalipwa kiasi chote. Na wa kulipwa ni wewe, mama. Mimi siruhusiwi kukwambia ufanye nini. Ila wengi wakiwa kwenye hali kama yako, huwa wanasubiri."

Mama Zipu alishukuru, akachukua mkoba wake, akatoka. Njiani alipita duka la zipu na nyuzi, akasimama mbele yake kitambo, asikumbuke alitaka nini. Alikuwa ameelewa vizuri. Akiivunja bima atamnunulia mumewe pumzi, na uzeeni yeye mwenyewe atabaki mikono mitupu. Akisubiri, atakuwa na chumba chake na chakula chake mpaka mwisho, ila atakuwa amekaa karibu na mumewe akingoja afe. Na huko kungoja hakukuwa na jina jingine.

Jumapili alikuja shemeji yake, kaka mkubwa wa Fundi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye watu wote walimwita Karani. Habari za ofisi ya bima Mama Zipu alikuwa ameshampa. Alileta matunda, akamsalimia mdogo wake, kisha akamwomba Mama Zipu watoke hadi karakana. Alisimama katikati ya masponji, kofia mkononi.

"Shemeji, yule ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ukiacha wewe, hakuna ampendaye kuliko mimi."

"Najua, shemeji."

"Lakini mashine itampa hewa, haitampa mapafu. Akiondoka, wewe utalala wapi? Utakula nini? Macho yenyewe ya kutunga uzi yanakwisha."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Tusubiri," alisema Karani, na hapo hapo akafunika uso kwa kofia, akalia. Hakuwa mtu mbaya. Hela ya bima ya mwezi uliopita aliitoa yeye mfukoni mwake.

Mama Zipu alipomgusia mumewe habari ya kuivunja, Fundi hata hakumwacha amalize.

"Bima yangu msiiguse. Nimevuta hewa ya bure maisha yangu yote, leo ndiyo ninunue?"

"Hiyo ya bure haikutoshi, Fundi."

"Inanitosha." Akavuta pumzi, ikakwama, akaisubiri. "Ile ndiyo kazi yangu ya mwisho. Fremu nimeshafunga. Wewe utavisha kitambaa."

Basi wakasubiri. Nyumba ikawa na hali ya ajabu, kila mtu mpole kupita kiasi. Mama Zipu alimpa Fundi vidonge vyake asubuhi na jioni kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mbele yake mpaka ameze, akampokea glasi ya maji. Lakini hali ilizidi kukimbia. Daktari alishangaa, akauliza kama dawa inaliwa sawasawa. Mama Zipu akajibu kwa uhakika kwamba inaliwa, anaiona kwa macho yake.

Alasiri moja alikuwa kwenye cherehani akishona mito ya mteja. Kikohozi kilikuwa kikija kutoka chumba cha nyuma kama kawaida, kikija na kukatika, kikija na kukatika. Mara kikanyamaza. Mguu wa Mama Zipu ukasimama juu ya kanyagio. Akatega sikio. Kimya. Na katika kimya kile, kabla hajafikiri jambo lolote, kichwa chake kilikwisha kulipa kodi, kikanunua chumba chenye madirisha mawili, kikaweka cherehani penye mwanga.

Kisha akamsikia Fundi akitema mate kwenye kopo lake.

Alibaki pale ameshika kitambaa. Alijiona mchawi. Miaka yote aliyolala na mtu yule, aliyekula naye, aliyezaa naye, na jambo la kwanza lililomjia alipodhani amekufa lilikuwa dirisha. Hakuingia kumtazama. Aliona haya kumwonyesha uso.

Kesho yake jua lilikuwa zuri, akampeleka Fundi mlangoni akaote jua juu ya kiti cha mteja. Yeye akarudi nyuma kufua foronya za kochi, akafungua zipu moja baada ya nyingine na kutoa masponji. Mkono ukafanya ulichozoea. Hakuutuma, ulikwenda wenyewe, ukazama kwenye upenyo wa kochi la mumewe mpaka kwenye kiwiko, na vidole vikakutana na vitu vidogo vya duara.

Alitoa kimoja. Akatoa vitatu. Akachota kiganja kizima. Vidonge vyeupe, vingine vimeshikana na nyuzi na vumbi, vingine vimelainika upande mmoja, vile vilivyokaa mdomoni kidogo kabla ya kutolewa.

Hapo ndipo alipoelewa, akaketi sakafuni. Mtu aliyeweza kubana misumari kumi na kubishana siasa, kidonge kimoja kingemshinda nini kukificha shavuni? Alikunywa maji, akameza maji, akamrudishia glasi na kumwambia ahsante mke wangu. Kisha, mkewe akigeuza mgongo, alikitoa na kukisukuma kule ambako yeye Fundi alijua fika hakuna kinachopotea.

Mama Zipu alinyanyuka, akachukua kopo la maziwa ya unga, akavitia vidonge vyote humo. Akaenda nalo mpaka mlangoni, akamwekea mumewe mapajani.

"Mwenye kochi akabidhiwe mali yake," alisema.

Fundi akachungulia ndani ya kopo. Hakujaribu kubisha. Alilitikisa kidogo, likalia.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu wiki ile ulipokwenda ofisi ya bima."

"Nani alikwambia walichosema kule?"

"Kaka, Jumapili ile. Alidhani najua." Akapumzika kidogo. "Nilikuwa nakupunguzia kusubiri."

Mama Zipu alitaka kumfokea, alikuwa na maneno tele tayari, lakini yaliyotoka hayakuwa hayo. Alichuchumaa mbele ya kile kiti cha mteja, akamshika magoti, akatoa la moyoni.

"Jana ulipoacha kukohoa nilidhani umekufa. Na mimi nikafikiria hela, Fundi. Kabla yako. Nilifikiria nitaweka wapi cherehani."

Fundi alimtazama usoni. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamwinamisha, na kilipomwachia macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Uliiweka wapi?"

"Dirishani."

"Umefanya vizuri. Macho yako yanataka mwanga."

Wakalia wote wawili mlangoni, mchana kweupe, wapita njia wakiwatazama. Mama Zipu ndiye aliyefuta uso kwanza.

"Tunakwenda kuivunja."

"Utaishije wewe?"

"Nitashona. Nikishindwa kushona nitamlilia binti yangu. Lakini sikai na mume ninayemhesabia pumzi, wala sikai na mume anayenihesabia mimi siku. Nimechoka, Fundi. Nataka kukaa na wewe tu."

Fundi aligeuza geuza kopo mkononi. "Hasara kubwa sana hiyo."

"Tumeshazoea hasara ya bima hiyo. Moja zaidi haituui. Na vidonge unameza."

"Nitameza."

"Utameza kweli?"

"Nimekwambia nitameza."

Walikwenda ofisi ya bima wakipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli. Dada wa huduma aliposikia mzee yuko chini hawezi ngazi, alishuka na karatasi zake mpaka kwenye viti vya wageni. Akawauliza mara mbili kama wana uhakika. Fundi alikuwa akipapasa chini ya kiti alichokalia.

"Hivi viti nani aliwashonea?" alisema. "Amewaibia. Sponji hakuna humu, ni matambara."

Kisha akatia sahihi. Mama Zipu alitazama ule mkono wake ukiandika, mkono ulioota sugu ya nyundo, na moyo ulimuuma kama anayeuza kiungo cha mwili. Miaka ile yote ya kununua viatu vya mtumba iliishia kwenye wino wa mstari mmoja.

Mashine ilipoletwa iliwekwa nyuma ya kochi, ikavuma mchana na usiku. Usiku wa kwanza Fundi alilala mpaka jua likatoka, na Mama Zipu hakulala kabisa, kwa kutozoea. Pumzi zake hakuzihesabu tena. Zilikuwa zake mwenyewe, hazikuwa na bei.

Siku zile zilikuwa nzuri, na yeyote anayesema walitupa hela hakuwa mle ndani kuziona. Fundi aliongea na binti yake kwenye simu bila kukatwa na pumzi, akamfundisha na mjukuu kupiga mluzi. Mrija puani, alimwelekeza mkewe kazi ambayo hakuwahi kuishika, kuvuta mikanda, kufunga springi, kugongomea kona. Mama Zipu alipojaribu kubana misumari mdomoni, Fundi alipiga mkono wa kochi.

"Mdomoni hapana. Kikombeni."

"Mikono si ni miwili tu?"

"Utaongeza. Wanawake mna mikono mingi."

Vidonge alimpa asubuhi na jioni, akampokea glasi. Lakini hakusimama tena kumkagua, maana alijua mdomo ule ukitaka kuficha haushindwi. Na lile kochi hakulitia mkono. Foronya alizifua kila wiki, akavuta zipu, akatoa masponji, na upenyo akaupita. Aliogopa. Akivikuta tena humo, angejua kwamba mumewe bado anakimbilia kaburini kwa ajili yake, na asingekuwa na la kumfanya. Heri asijue.

Fundi alikufa asubuhi moja kabla mwaka haujaisha, mashine ikivuma, mkewe akiwa ameenda kumchemshia chai.

Msibani hakuna aliyemlaumu usoni. Karani alimkumbatia, akalia kweli kweli, ila alipojitenga aliketi pembeni akihesabu kwa vidole, na Mama Zipu alijua anachohesabu. Wanawake jikoni hawakuwa na subira ya vidole. Alisikia mmoja akisema angevumilia kidogo tu, leo angekuwa mwenye nyumba. Mwingine akasema mashine ile haikumwongezea hata mwaka. Mama Zipu aliendelea kukaa kwenye mkeka, akatazama miguu ya watu. Walikuwa wanasema kweli, na hilo halikumsaidia kuacha kumlilia.

Kodi ya vyumba viwili ikamshinda. Mashine iliuzwa nusu ya bei kulipia madeni ya hospitali na mazishi. Akapata chumba kimoja mtaa wa juu, chenye dirisha moja dogo, ambalo cherehani ilitosha chini yake kwa shida. Kochi la mabaki halikutosha. Vijana wawili, mke na mume waliooana juzi, walikuja kulinunua, wakaja na mkokoteni.

"Limejaa rangi," mke alisema, akilipapasa. "Nimelipenda."

"Ngojeni kidogo," Mama Zipu aliwaambia. "Kochi halitoki kwangu bila kukaguliwa."

Alivua bangili. Akakunja mkono wa gauni. Akasimama hivyo mbele ya kochi kwa muda mrefu kiasi kwamba yule kijana alianza kutazama saa, na mkewe akamkanyaga mguu. Mama Zipu alikuwa anajua kwamba mkono huu ukiingia utatoka na jibu, na hakuna kurudi nyuma. Akapiga moyo konde, akautumbukiza.

Vidole vilikuta kipande cha penseli. Akakitoa. Vikakuta kibanio chake mwenyewe cha nywele, na msumari mmoja mdogo uliopinda. Akaingiza tena, mpaka kwenye kiwiko, mpaka juu ya kiwiko, akapapasa kona ya kulia, akapapasa kona ya kushoto, akazunguka mpaka chini ya mkono wa kochi ambako Fundi alikuwa akiegemeza kichwa. Vumbi. Uzi. Mbao.

Hakukuwa na kidonge hata kimoja.

Alivimeza vyote. Siku zile zote, asubuhi na jioni, hakuna aliyemsimamia, na alivimeza vyote. Fundi alikuwa ametaka kubaki. Na hilo lilimuuma Mama Zipu kupita maneno yote ya jikoni, kwa maana anayetaka kwenda huachiliwa, lakini huyu alikuwa akijizuia asiende, kidonge baada ya kidonge, na bado alichukuliwa.

Aliegemeza paji la uso kwenye mkono wa kochi, mkono wake mwenyewe ukiwa bado ndani, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata msibani. Wale vijana walisimama na mkokoteni wao, hawajui waangalie wapi. Mwisho yule binti akachuchumaa karibu yake.

"Mama, kuna kitu ulikuwa umepoteza humu?"

Mama Zipu akautoa mkono, ukiwa na vumbi mpaka juu ya kiwiko. Akavaa bangili zake.

"Hakuna kitu," alisema. "Liko safi. Lichukueni tu."